Tulivyoota Moto Makete, Tunavyopuliziwa Joto Doonside

Enzi zetu baridi haikutangazwa. Siku hizi simu inaniambia kabla sijatoka kitandani kwamba nje kuna nyuzi sita, na mwanangu Elia akishaisoma hiyo namba ndipo anapoamua kama mwili wake unasikia baridi au hausikii. Sisi wa Makete tuliisoma kwenye majani. Ukitoka alfajiri ukakuta majani ya nyuma ya nyumba yamekuwa meupe na yanavunjika chini ya unyayo kama chumvi ya mawe, umeshajua kwamba sakitu imeshuka. Viazi vya mtu vimeungua usiku huo. Na miguu yako, ambayo haikuwa imewahi kukutana na kiatu, ina mwendo wa saa nzima kufika shuleni. Wenzetu mliokulia pwani someni polepole tu, mtatuelewa.

Tulikuwa na dawa yetu. Katikati ya njia palikuwa na zizi la jirani, nasi tuliwaamsha ng'ombe wake makusudi ili tusimame pale walipolala, kwenye udongo uliobaki na joto la matumbo yao. Aliyebahatika alipata kinyesi kibichi akazamisha miguu mpaka kwenye vifundo. Tulifika shuleni tunanuka, na mwalimu wa zamu hakusema neno. Nadhani naye alikuwa na zizi lake njiani. Niliwahi kuwasimulia wanangu habari hii mezani, wakaacha kula. Hao ni watoto wanaovaa kaptula mwezi wa saba kwa sababu ukutani kuna kitufe.

Jioni maisha yote yalihamia jikoni. Jiko letu lilikuwa kijumba cha pekee nyuma ya nyumba kubwa, lenye mafiga matatu katikati na kuni za miti ya miwati zilizolia na kutoa povu kwenye ncha. Baba alikaa kwenye kigoda upande usio na moshi, Mama karibu na chungu, na sisi watoto watano tukagawana upande uliobaki. Moshi ukimng'ang'ania mmoja wetu tulisema amekula kiazi cha mwenzake, akawa na kesi ya kujibu. Mbele unaiva, mgongo unaganda, basi ulijigeuza kama mkate. Hesabu za shule zilifanywa pale kwa sauti, ugomvi ulisuluhishwa pale, na viazi vilivyofukiwa kwenye majivu vilitolewa vikiwa vyeusi nje na vyeupe ndani, ukivipuliza huku ukivihamisha kutoka kiganja hiki kwenda kile. Ukisinzia magoti yanaungua, kwa hiyo hakuna aliyesinzia kabla ya ugali.

Baada ya ugali ilikuwa zamu ya kuziba matundu. Nyumba kubwa ilikuwa ya matofali mabichi, na kila mwaka ukuta ulipasuka mahali papya. Kila mtoto alikuwa na tundu lake. Langu lilikuwa chini ya mlango wa mbele, nikilitia gunia lililoviringwa. Kaka yangu alikuwa na dirisha la mbao, wengine nyufa za chumbani, na vifaa vyetu vilikuwa matambara, maganda ya mahindi na udongo wa mfinyanzi. Mama alikagua kwa kibatari. Alikipitisha polepole kando ya ukuta, na pale mwali ulipoinama alisimama akauliza, "Huyu mwizi anaingilia kwa nani?" Mwenye tundu alirudi kazini. Katika miezi ya Juni na Julai Baba alituletea karai bovu lenye makaa mekundu akaliweka katikati ya sebule, nasi tukalizunguka mpaka macho yakajifumba yenyewe. Hiyo ndiyo picha niliyozunguka nayo dunia.

Nasema kuzunguka kwa sababu miguu yangu haikutulia tangu nilipomaliza kidato cha nne. Nilikaa Mbeya, nikakaa Dar es Salaam, nikafanya usafi wa hoteli Muscat, nikafika Australia kupitia Perth. Hata hapa Sydney nimehama kama mtu anayetafutwa: Macquarie Fields, kisha Merrylands, kisha Doonside karibu na stesheni. Nyumba zote zile nimezisahau rangi. Ile sebule yenye karai sijaisahau.

Nyumba ya Doonside ndiyo ya kwanza niliyopanga yenye joto la mabomba. Ni nyumba ya mbao ya zamani, imeinuliwa juu ya nguzo fupi. Nje, karibu na kamba za kuanikia nguo, kuna sanduku la chuma lenye ukubwa wa kabati, na kutoka hapo mabomba manene kama mapaja ya ng'ombe yanapita chini ya sakafu na kutokezea kila chumba kwenye tundu lenye wavu wa chuma. Ukibonyeza kitufe cha kwenye ujia, sanduku linanguruma na upepo wa moto unapanda kutoka miguuni. Zaidi ya hapo nilikuwa sijui kitu. Mtu wa Makete akipata joto haulizi limetoka wapi.

Mama ndiye aliyeuliza. Alikuja kututembelea kwa miezi mitatu, na wiki ya pili dunia ikafungwa kwa korona. Kila tiketi niliyokata ilifutwa, na zilizobaki zilipita viwanja vya ndege vingi mno kwa mtu mwenye kifua kama chake, kifua kilichovuta moshi wa kuni miaka hamsini. Miezi mitatu ikawa mwaka, mwaka ukawa na miezi juu yake. Mama hakulalamika. Alisema sentensi moja tu, na aliirudia kila aliposikia habari za vifo kwenye redio: "Nilikuja kwa ndege nimeketi, nitarudi nimeketi. Sitaki kurudi nimelala." Mimi niliibeba sentensi hiyo kama ndoo ya maji kichwani. Baba wa watoto wangu alikuwa migodini upande wa magharibi, na mipaka ya majimbo ilikuwa imefungwa, kwa hiyo ndoo ilikuwa yangu peke yangu.

Joto la mabomba lilimshangaza. Siku ya kwanza lilipowashwa alizunguka vyumba vyote akichungulia.

"Moto wenyewe uko wapi?" akauliza.

Nikampeleka nje nikamwonyesha sanduku. Alilizunguka lote.

"Kwa hiyo moto mmeufungia nje, halafu nyinyi mmekaa ndani."

"Joto lake linaingia, Mama."

"Nimesikia. Ila mwenye nyumba kalala nje."

Hata hivyo alilizoea. Alikausha kanga zake juu ya tundu la sebuleni na kuweka miguu pale kila jioni. Kitu kimoja tu kilimkera. Karibu na mlango wa chumba chake, chini kwenye ukuta wa ujia, kulikuwa na wavu mkubwa zaidi ya yote, na mashine ikiwaka alisikia ubaridi unatambaa sakafuni kwenye vifundo vyake. "Hapa pana mwizi," aliniambia zaidi ya mara moja. Nikamjibu ndivyo nyumba ilivyojengwa. Nilikuwa naharakisha kazini, kwenye nyumba ya wazee ninakowaogesha na kuwalisha, na majibu ya mtu anayeharakisha mnayajua.

Majira ya baridi ya mwaka wa pili wa korona, mwenzangu mmoja kazini alikutwa na ugonjwa. Nikapigiwa simu kwamba mimi na wote ninaoishi nao tukae ndani siku kumi na nne, asitoke mtu wala asiingie. Siku ya pili ya kifungo hicho mashine ikaanza kusumbua. Ilikuwa inawaka, inapuliza vizuri kama dakika tano, kisha moto unazimika na kinachobaki ni upepo mwembamba usio na joto. Baadaye inajaribu tena, inazima tena. Jioni ile haikuwaka kabisa, taa ndogo kwenye kitufe ikabaki inakonyeza.

Nikampigia kijana wa ofisi inayosimamia nyumba. Alikuwa mpole. Alisema fundi haruhusiwi kuingia kwenye nyumba iliyo karantini, ametuweka kwenye orodha, tuvae nguo nzito. Tukavaa. Tulihamisha magodoro yote sebuleni, tukafunga milango ya vyumba, na kihita kidogo cha umeme, chenye nguvu ya kupasha miguu ya mtu mmoja, tukakiweka mbele ya Mama. Elia, mwenye miaka kumi na mitano, alisoma masomo yake ya kompyuta akiwa na blanketi kichwani kama bibi arusi. Neema, wa miaka kumi na miwili, alilala akiwa amemkumbatia bibi yake, na asubuhi akaniambia kwa Kiingereza kwamba Bibi anatoa sauti kama filimbi akipumua. Nilikuwa nimeshaisikia. Nesi wa kwenye simu alisema hana homa, ila nihakikishe anapata joto. Alilisema hilo kama mtu anayekukumbusha kununua chumvi.

Siku ya tatu bila joto, mchana, kikohozi cha Mama kilibadilika. Kilianza kutoka chini. Nikasimama dirishani nikaona nyuma ya nyumba lile jiko la kuchomea nyama, na chini yake mfuko wa mkaa uliobaki tangu Krismasi, na nikashangaa kwa nini nimejichosha kichwa siku tatu wakati mimi ni mtoto wa Makete.

Niliwasha mkaa nje, nikapepea kwa kifuniko cha sufuria. Ile harufu ya kwanza ilipopanda nilikuwa na miaka tisa. Nilimwona Baba, niliona magoti ya kaka zangu yamepangwa, nikalia kidogo kwa raha. Mkaa uliposhika vizuri, mwekundu bila ulimi, niliumimina kwenye sufuria kubwa ya kupikia pilau, nikaishika kwa matambara, nikamwita Elia afungue mlango. Mlango ulifunguka, lakini aliyesimama pale alikuwa Mama, amejifunga kanga mbili na koti langu.

"Unakwenda wapi na hiyo?"

"Ndani, Mama. Ikae sebuleni mpaka usingizi utuchukue, kama nyumbani."

"Weka chini."

"Mama, kifua chako…"

"Kifua ni changu. Nimesema weka chini, Tuli."

Niliweka chini. Nina miaka arobaini na tatu, lakini sauti ile haina umri. Mama alikohoa kwanza, akameza, ndipo akaniuliza, "Nani alikwambia nyumbani tulilala na makaa?"

"Nakumbuka karai, Mama. Baba alilileta kila jioni."

"Unakumbuka likiingia. Hukumbuki likitoka kwa sababu ulikuwa umeshalala. Nililitoa mimi, kila siku, kabla ya mtu kuvuta shuka. Na ule uwazi wa juu, kati ya ukuta na bati, niliwahi kumwambia nani auzibe?"

Nikafikiri. Kweli, tundu lile halikuwa la mtu. Watoto watano tuligawana nyumba nzima, na uwazi ule, uliopitisha mkono wa mtu mzima, haukugawiwa yeyote.

"Unamkumbuka mwalimu wa kike aliyehamia na kitanda cha chuma?" akaendelea. "Mkafunga shule siku mbili."

"Tuliambiwa alipata homa."

"Mlikuwa watoto. Nyumba aliyopewa ilikuwa nzuri kuliko zote pale kijijini. Ina dari, ina vioo, haina tundu hata moja. Akaingiza jiko la mkaa ili alale vizuri. Makaa hayapigi kelele, mwanangu. Yanakulaza." Akaitazama nyumba yangu, milango tuliyoifunga, taulo tulizozisokomeza chini ya milango hiyo. "Na hii ni nzuri kuliko ile."

Niliwaona wanangu nyuma yake, wote wawili, na magodoro yao yaliyopangwa sebuleni tayari. Nilikuwa nimewaandalia karai la kumbukumbu zangu, na katika kumbukumbu hizo sikuwa nimeweka tundu.

Tuliipa ile sufuria heshima yake hukohuko nje. Uani tuliruhusiwa. Tulileta viti, mablanketi na viazi, tukamweka Mama upande upepo unakotoka ili moshi usimguse, jua likiwa bado juu ya paa la jirani. Elia alisema kwa Kiingereza chake kwamba nywele zake zitanuka wiki nzima.

"Anasemaje?" Mama akauliza.

"Moshi umemwingia kwenye nywele."

"Mwambie nywele zinaoga."

Neema alitaka kujua tulikuwa tunafanya nini jioni nzima bila televisheni. Mama hakungoja nitafsiri, sijui alielewaje. Alimwambia tulikuwa tunamtazama baba yangu akisinzia na kubisha kwamba hasinzii. Kisha akamwigiza, kichwa kikishuka, kikishtuka, mdomo ukisema "nasikiliza, nasikiliza", na Elia akacheka mpaka kiazi kikamwanguka. Tulikaa pale saa mbili. Wanangu hawakuwahi kukaa nami saa mbili bila waya masikioni.

Asubuhi yake akili ikanirudia, nikampigia Papa Espoir. Huyu ni Mkongomani wa Uvira tuliyefahamiana naye Merrylands, watoto wetu waliposoma pamoja, na kazi yake ni hizohizo mashine za joto. Sikumpigia mapema kwa sababu anakaa mbali kuliko kilomita tulizoruhusiwa kutembea, na karantini juu yake. Sikuwaza kwamba fundi anaweza kuja na macho tu. Alitokea kwenye simu akiwa na kofia ya sufu, anatafuna.

"Mama Elia, jambo. Sasa ile mashine inafanya namna gani?"

"Ilikuwa inawaka, inapuliza dakika tano, inazima. Sasa haiwaki kabisa."

"Inazima moto ao inazima yote?"

"Moto. Upepo ulikuwa unabaki, tena wa baridi."

"Ee. Inajilinda. Iko na joto mingi ndani, haina pa kuipeleka."

"Papa Espoir, sisi tunaganda hapa, wewe unasema ina joto jingi."

"Joto iko. Haiwafikie tu. Ngoja nikuambie."

Akanieleza, na ilinibidi nikae chini, kwa sababu nilikuwa nimelala juu ya kitu hicho miaka mitatu bila kukijua. Ndani ya sanduku la nje, alisema, gesi inawaka ndani ya chumba cha chuma kilichofungwa. Moshi wake una bomba lake, unatoka nje moja kwa moja, hauonani kabisa na watu. Hewa ya nyumba inapita nje ya chuma hicho, inajipasha kwa kukigusa kama mtu anayejipasha kwa kushika kikombe cha chai, kisha feni inaisukuma kwenye mabomba mpaka vyumbani. Lakini feni haiumbi hewa. Inayopuliza lazima iwe imevuta mahali, na inavuta humohumo ndani ya nyumba, ile hewa iliyopoa na kushuka sakafuni. Ni mzunguko. Ikikosa cha kuvuta, chuma kinachemka bila hewa ya kukipoza, na swichi ndogo ya usalama inaukata moto kabla mambo hayajaharibika.

"Sasa munionyeshe mahali inavuta," akasema. "Dirisha moja kubwa ya chuma. Iko na filtre ndani, kama ile ya kuchuja chai."

Elia alichukua simu akatangulia kwenye ujia. Palepale karibu na mlango wa Mama kulikuwa na kapu kubwa la nguo chafu, ambalo kumbe lilikuwa limehamia pale wiki ile na mimi sikujiuliza. Akalisogeza. Nyuma yake ule wavu haukuonekana. Ulikuwa umezibwa kwa blanketi la kijivu, limekunjwa vizuri, kingo zote zimesokomezwa kwa kitu chembamba kama mpini wa mwiko, hakuna pembe iliyoachwa. Kazi ile niliijua. Nililelewa nayo.

"Nani aliziba?" sauti ya Papa Espoir ikauliza.

Kisha Mama akaja taratibu akishika ukuta, akainamia simu.

"Ni mimi, baba. Upepo ulikuwa unapita miguuni kwangu. Niliupima kwa karatasi ya chooni, ikainama."

"Iliinama kuja kwako, Mama, ao iliinama kuingia ku ukuta?"

Nilimwona Mama anairudisha ile karatasi akilini, anaishika tena kwa vidole viwili.

"Kuingia ukutani," akasema.

"Basi. Ile haikuwa inaleta baridi. Ilikuwa inaiondoa."

Mama akakaa kwenye ukingo wa kapu. Maisha yake yote mwali ulioinama ulimwonyesha adui anakotokea, na hakuwahi kuishi kwenye nyumba ambayo mwali unainama kwa sababu baridi inafukuzwa. "Nimewagandisha wajukuu wangu kwa mikono yangu," alisema.

"Na mimi nilitaka kuwalaza kwa makaa," nikamwambia. "Tumelipana."

"Mama, usijali," Papa Espoir akasema. "Mimi mwaka wa kwanza hapa nilifunga matundu yote ya vyumba, nikasema joto isitoroke. Mashine ikazima, tukavaa makoti mwezi nzima. Ndiyo nikaenda kusomea hii kazi. Nilitaka kujua nani alinishinda."

Alituongoza hatua kwa hatua. Elia alichomoa blanketi, akafungua wavu, akatoa chujio. Lilikuwa limevaa vumbi nene kama sufi, naye akaliosha bafuni na kulikausha kwa taulo. Tukaizima mashine kwenye umeme, tukangoja kama nusu saa, tukaiwasha. Sanduku likanguruma. Dakika tano zikapita, tukiwa wanne tumesimama kwenye ujia tukiangalia tundu la sakafuni kama watu wanaongoja matokeo ya mtihani. Dakika kumi. Harufu ya vumbi linaloungua ikaja, kisha joto, na joto likabaki.

Kufikia Jumapili kikohozi cha Mama kilirudi juu, mahali pake pa kawaida. Ile filimbi ya kifuani ikanyamaza. Nilimsikiliza kila asubuhi kabla sijafungua macho.

Lakini nataka kueleza jioni ya siku ileile joto liliporudi. Tulikula. Elia akanyanyua godoro lake akalirudisha chumbani, Neema akafuata na lake, milango ikafungwa, mmoja baada ya mwingine, kwa adabu. Sebule ikabaki na sisi wawili na joto la nyuzi ishirini na mbili. Mama aliangalia mlango huu, akaangalia ule.

"Wamekasirika?" akaniuliza.

"Hapana, Mama. Wamepata joto."

Nimelifikiria jibu langu hilo mara nyingi kuliko nilivyofikiria maneno ya fundi. Sisi tulikuwa na moto mmoja. Aliyetaka joto alipaswa kuwataka na watu: moshi wa kaka yake, hadithi ya baba yake aliyoisikia mara mia, kiwiko cha jirani kwenye mbavu. Hatukukaa pamoja kwa sababu tulipendana kuliko watu wa leo. Tulikaa pamoja kwa sababu kona nyingine zote za nyumba zilikuwa na baridi, na mapenzi yakatukuta hapohapo, hatuna pa kwenda. Siku hizi joto linatumwa kwa bomba mpaka kitandani kwa kila mtu, kila mtu na tundu lake, na huo ni wema mkubwa ambao sitaukana. Mama yangu yuko hai kwa sababu yake. Mipaka ilipofunguliwa na daktari akaridhika, nilimsindikiza uwanja wa ndege, akapanda akiwa ameketi kwenye kiti cha magurudumu, akageuka mara moja, akaniambia niwe ninaosha chujio.

Nimekuwa ninaliosha. Ila mwaka huu baridi ilipoanza nilimpigia tena Papa Espoir, nikamuuliza kama mtu anaweza kufunga matundu ya vyumba vichache bila kuumiza mashine. Akasema mawili hayana shida, yakizidi hapo pumzi inakwama. Nikamshukuru. Nina watoto wawili. Basi kila Jumapili, tukitoka kanisani, napita vyumbani kwao kama mtu anayekusanya nguo chafu, nainama, nasukuma kile kijiti cha kufungia tundu kwenye wavu mpaka kinagota. Baada ya saa moja wanatoka wamejifunga mablanketi, wananung'unika kwa Kiingereza kwamba nyumba hii imechakaa, wanakaa nami sebuleni, na mimi nawaambia fundi ana habari. Mama zetu hawakuhitaji ujanja wa namna hii. Baridi yenyewe ilituita jikoni, tukaenda tukikimbia.